KITI CHA MARUMARU CHA ADULIS
Somo kwa vikundi vya kujifunza Biblia

Someni kwanza: Nehemia 8:1–8, Matendo 14:8–18, Luka 16:10–12.



Wengi wetu tumewahi kushika barua ya zamani iliyotafunwa na panya au kuliwa na mchwa. Mwanzo wake haupo, mwisho haupo, na katikati mna matundu. Hata hivyo twataka kujua ilisema nini, hasa ikiwa ni barua ya shamba au ya mahari. Hapo ndipo hatari inapoingia. Mmoja hujaza tundu kwa neno alipendalo, mwingine kwa neno limfaalo, na barua moja huzaa kesi mbili.

Jambo hilo hutupata pia tusomapo Maandiko Matakatifu. Mstari hushikwa hapa, nusu ya mstari kule, vikashonwa pamoja, kisha mtu akasema, "Biblia yasema hivi." Ndiyo sababu katika somo hili tumechagua kutazama maandishi ya kale yaliyochongwa juu ya marumaru, upande huu wetu wa Afrika, ambayo yametufikia yakiwa yamekatika. Yalisomwa vibaya kwa zaidi ya miaka 1200, kisha yakaja kusomwa vizuri. Tukijua kosa lilitokea wapi, na liligunduliwaje, tutajifunza namna ya kushika Biblia yetu kwa uangalifu.

1. MAHALI PENYEWE

Adulis ulikuwa mji wa bandari katika Bahari ya Shamu, kusini ya Massawa, katika nchi iitwayo leo Eritrea. Ulikuwa mlango wa ufalme wa Aksum, ambao makao yake yalikuwa juu milimani, katika Ethiopia ya kaskazini. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara mpaka Adulis, na nguo, vyombo na divai zilipanda kutoka pwani kwenda bara.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja ambaye hakuliandika jina lake alitunga kitabu cha safari za baharini kwa lugha ya Kiyunani. Anautaja Adulis na pembe zake za ndovu. Kisha anafuata pwani kuelekea kusini mpaka soko la mwisho alijualo, Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania. Basi Adulis si mji wa dunia nyingine. Ulikuwa katika njia ileile ya majahazi iliyofika kwetu.

2. WAFANYABIASHARA WAWILI

Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Justin, Kaisari wa Konstantinopoli, yaani baada ya mwaka 518, wafanyabiashara wawili Wakristo walikuwa Adulis. Mmoja alikuwa Cosmas, mtu wa Aleksandria katika Misri. Mwingine alikuwa Menas, ambaye baadaye aliacha biashara akawa mtawa.

Wakati huo mfalme wa Aksum alikuwa Kaleb, naye alikuwa Mkristo. Alikuwa akijiandaa kuvuka bahari kupigana na mfalme wa Himyari, katika nchi iitwayo leo Yemeni, ambako Wakristo wa mji wa Najran waliuawa mwaka 523. Kabla ya kwenda vitani, Kaleb alimwandikia liwali wake wa Adulis kwamba anataka nakala ya maandishi ya kale yaliyokuwa katika mji huo. Liwali akawapa Cosmas na Menas kazi hiyo. Waliyanakili, wakampa liwali nakala, nao wakabaki na nakala yao wenyewe. Miaka kama 25 baadaye Cosmas aliyaandika maneno hayo katika kitabu chake kikubwa.

Cosmas aeleza vizuri alichokiona. Upande wa magharibi wa mji, kwenye njia iendayo Aksum, palikuwa na kiti cha marumaru nyeupe. Kitako chake kilikuwa cha mraba, chenye nguzo nne nyembamba pembeni na moja nene katikati. Chote kilichongwa katika jiwe moja, kimo chake kama dhiraa mbili na nusu. Asema kilifanana na kiti cha askofu, kile ambacho kwa Kiyunani huitwa kathedra, na ndicho kilicholipa jina kanisa la askofu, yaani kathedrali. Asema pia kwamba hata katika siku zake wahalifu waliohukumiwa kufa waliuawa mbele ya kiti hicho.

Nyuma ya kiti palikuwa na jiwe jingine, jeusi na gumu, kimo chake dhiraa tatu. Jiwe hili lilikuwa limeanguka, na sehemu yake ya chini ilikuwa imevunjika. Kiti kilikuwa na maandishi, na jiwe jeusi lilikuwa na maandishi. Yote yalikuwa kwa Kiyunani.

Kwenye mgongo wa kiti zilichongwa sanamu mbili za miungu ya Wayunani, Herakle na Herme. Menas alisema Herakle ni alama ya nguvu na Herme ni alama ya utajiri. Cosmas akambishia juu ya Herme. Alikumbuka kwamba watu wa Listra walimwita Paulo kwa jina la Herme kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinena zaidi (Matendo 14:12), basi akasema kwamba Herme ni alama ya usemi. Tazameni wafanyabiashara hawa, jasho likiwatoka katika joto la pwani, wakijadiliana maana ya sanamu kwa kutumia Kitabu cha Matendo. Ni kikundi cha kujifunza Biblia kama vyetu.

3. MAANDISHI YALISEMAJE

Jiwe jeusi lilimtaja Ptolemy wa Tatu, mfalme wa Misri aliyetawala tangu mwaka 246 mpaka 222 hivi kabla ya Kristo. Lasema kwamba alikuwa wa ukoo wa Herakle upande wa baba na wa Dioniso upande wa mama. Lataja nchi alizorithi: Misri, Libia, Shamu, Foinike, Kipro na nyinginezo. Lasema kwamba baba yake na yeye mwenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kuwinda tembo wa nchi hizi na kuwafundisha vita, na kwamba alikwenda nao kupigana katika Asia. Kisha laanza kusema kwamba alipeleka majeshi kwa njia ya mifereji iliyochimbwa. Hapo maneno yanakatika. Sisi wa milima ya Upare, tunaoijua kazi ya kuchimba mifereji na kutunza ndiva, tungependa sana kusikia habari hiyo ya mifereji ilikwendaje. Lakini jiwe limevunjika.

Maandishi ya kiti nayo hayakuwa na mwanzo. Yanaanza kama mtu aliye katikati ya hadithi, akisema kwamba baada ya hayo alipata nguvu, akayaamuru mataifa ya jirani kuishi kwa amani. Kisha anahesabu makabila aliyoyashinda, moja baada ya jingine. Anataja watu wa Semien, ng'ambo ya mto, wakaao katika milima yenye baridi na theluji ambayo mtu huzama mpaka magotini. Sisi tunaoiona theluji ya Kilimanjaro kwa mbali siku ya mwanga mzuri twaweza kufahamu mshangao wake. Anasema kwamba alipigana pia ng'ambo ya Bahari ya Shamu, katika Arabuni. Mwisho anamshukuru mungu Ares, mungu wa vita, ambaye anasema ndiye aliyemzaa, na anasema kwamba amekiweka kiti hicho wakfu katika mwaka wa 27 wa kutawala kwake. Jina lake halimo.

4. KOSA LILITOKEA WAPI

Cosmas aliona jiwe lisilo na mwisho na kiti kisicho na mwanzo, vimesimama mahali pamoja, kwa lugha moja. Akaona habari ya jiwe inaendelea kwenye kiti. Kwake yeye yote yalikuwa maneno ya Ptolemy. Kitabu chake kikanakiliwa kwa mkono na watawa. Hati tatu za zamani zimebaki, moja Vatikani, moja katika monasteri ya Sinai, na moja Florence. Mwaka 1631 maandishi hayo yalichapwa Roma, na wataalamu wakayajua kwa jina la Kilatini, Monumentum Adulitanum, yaani ukumbusho wa Adulis. Hata wao kwa muda mrefu waliyasoma kama habari moja ya mfalme mmoja.

Mshono ulikuwa mzuri, kwa hiyo watu hawakuutilia shaka. Makosa mengi ya kusoma ndivyo yalivyo. Yanadumu kwa sababu yanapendeza na kukamilisha kilichopungua.

5. LILIVYOGUNDULIKA

Katika karne ya 19 wasomaji waangalifu waliyatenganisha maandishi hayo. Hawakuhitaji kuona kiti, maana kiti kilikuwa kimepotea. Walisoma nakala ya Cosmas kwa makini tu, wakauliza maswali manne.

Nani anasema? Jiwe jeusi husema juu ya mfalme: "yeye" alifanya hivi. Kiti husema "mimi" nilifanya hivi. Mtu habadilishi usemi ghafula namna hiyo katika habari moja.

Anasema juu ya wapi? Nchi za jiwe zazunguka Misri na Asia. Makabila ya kiti yazunguka Aksum, na msemaji huyaita jirani za ufalme wake.

Ni wakati gani? Kiti chataja mwaka wa 27. Ptolemy wa Tatu hakutawala miaka 27.

Anamwabudu nani? Ptolemy anajitaja kuwa wa ukoo wa Herakle na Dioniso. Mwenye kiti asema amezaliwa na Ares. Mwaka 1805 Mwingereza Henry Salt aliona huko Aksum jiwe la mfalme Ezana, aliyetawala katika karne ya 4 baada ya Kristo. Katika maandishi yake ya Kiyunani Ezana naye anajiita mwana wa Ares. Basi mwenye kiti alikuwa wa jamaa ya wafalme wa Aksum, Mwafrika wa nchi ile, aliyeishi miaka mingi baada ya Ptolemy na kabla ya Ezana. Sifa zake zilikuwa zimepewa mfalme mgeni kwa zaidi ya miaka 1200.

Lakini angalieni jambo moja. Cosmas alikosea katika kuunganisha, ila hakukosea kwa udanganyifu katika kunakili. Hakubadilisha "mimi" kuwa "yeye" ili mshono wake upendeze. Hakufuta mwaka wa 27. Hakuyaondoa majina ya miungu ya kipagani, ingawa yeye alikuwa Mkristo wa kweli. Mtu huyu alikosea hata umbo la dunia. Aliandika kitabu kizima kutetea kwamba dunia ni bapa na kwamba mbingu imeifunika kama hema ya Musa. Hata hivyo katika jambo dogo la kunakili alikuwa mwaminifu, na uaminifu huo ndio uliowapa wengine njia ya kumsahihisha. Bwana wetu alifundisha kwamba mtu hupimwa katika mambo madogo kwanza (Luka 16:10).

6. KUTOKA ARES MPAKA UTATU

Yafaa tutaje jambo jingine hapa, kwa sababu vijana wetu huulizwa mara nyingi, "Dini hii si ya Wazungu?" Jiwe aliloliona Salt lilichongwa Ezana alipokuwa bado mpagani. Mwaka 1969 lilipatikana huko Aksum jiwe jingine la mfalme huyohuyo, nalo kwa Kiyunani. Katika hilo hamtaji Ares. Anamtaja Mungu, kwa uwezo wa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Fedha zake zasema habari hiyohiyo. Za kwanza zina alama ya mwezi mwandamo, na za baadaye zina msalaba. Katika siku za mfalme huyu Frumentius aliwekwa wakfu na Mtakatifu Athanasius wa Aleksandria kuwa askofu wa kwanza wa Aksum.

Mambo hayo yalikuwa katika karne ya 4. Augustino alipofika kuwahubiri Waingereza mwaka 597, Kanisa la Aksum lilikuwa limekwisha kuwa na zaidi ya miaka 200. Wamisionari waliotuletea Injili hapa walileta kitu chema, nasi twawashukuru. Lakini hawakuleta Ukristo Afrika kwa mara ya kwanza. Na hili si la kujisifia kwa maneno matupu. Limeandikwa katika mawe.

7. TUJIFUNZE NINI

Kwanza, tuulize nani anasema. Mtu mgonjwa hutembelewa, na mwenye kumtembelea hufungua Kitabu cha Ayubu akamsomea maneno ya kwamba asiye na kosa haangamii (Ayubu 4:7). Maskini mgonjwa hubaki akichunguza dhambi zake usiku kucha. Lakini ni nani asemaye hapo? Ni Elifazi, rafiki wa Ayubu. Na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe alimkasirikia Elifazi na rafiki zake kwa sababu hawakunena yaliyo sawa (Ayubu 42:7). Tukimsomea mgonjwa maneno ya Elifazi na kumwambia kwamba ni neno la Mungu juu yake, tumefanya kama Cosmas, tumempa mmoja maneno ya mwingine. Tofauti ni kwamba kosa la Cosmas halikumwumiza mtu.

Pili, tuulize maneno yamekatwa wapi. Ibilisi alipomjaribu Bwana wetu alitumia Zaburi ya 91. Linganisheni Mathayo 4:6 na Zaburi 91:11. Mtaona kwamba aliacha maneno juu ya kulindwa katika njia zetu zote. Kujitupa kutoka kinara cha hekalu si njia, basi maneno hayo yangemzuia. Bwana alimjibu kwa neno jingine la Maandiko, lililotumiwa mahali pake.

Tatu, tusijaze tundu kwa matakwa yetu. Mamajusi waliokwenda Bethlehemu walikuwa wangapi? Kila mtoto wa Shule ya Jumapili atasema watatu. Someni Mathayo 2 tena, hamtaona hesabu yao. Zawadi zilikuwa tatu, sisi tumeongeza watu. Hilo halina madhara makubwa, lakini latuonyesha jinsi mkono unavyojaza upesi pasipo sisi kujua.

Nne, tunakili kwa uaminifu. Makaburi ya wazee wetu yanaota kuvu, na mvua za milimani hula herufi. Vitabu vya ubatizo na ndoa huchakaa. Siku ya msaragambo wa kusafisha makaburi, vijana wawili wenye daftari wangeweza kufanya kazi ya Cosmas na Menas. Kanuni ni rahisi. Andika unachokiona, hata kama tahajia ni mbaya. Pasiposomeka, weka nukta. Herufi unayoikisia iweke ndani ya mabano ya mraba, ili atakayekuja baadaye ajue ipi ni ya jiwe na ipi ni yako. Kiti cha Adulis hakijaonekana mpaka leo, ingawa wachimbaji wa mambo ya kale walichimba huko mwaka 1906 na 1907, na wengine wamechimba tena katika karne hii, nao wamekuta mabaki ya makanisa. Kama si daftari la wafanyabiashara wawili, tusingejua neno hata moja la kile kiti.

ZOEZI

Fikirini kwamba mmekuta ubao wa kale uliovunjika, umeandikwa hivi: KANISA LA MT. P . . . O. Herufi zilizopotea ni tatu. Je, ni Petro au Paulo? Majina yote mawili yanaenea. Msichague kwa kupenda. Jadilianeni ni ushahidi gani mngeutafuta: sikukuu ya kanisa huadhimishwa tarehe 25 Januari au 29 Juni? Ubao una picha ya funguo au ya upanga? Wazee wasemaje? Na ushahidi usipopatikana, je, mko tayari kuacha nukta zikae?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ezra na Walawi walisoma, kisha wakaeleza maana hata watu wakafahamu (Nehemia 8:8). Katika kikundi chetu, je, tunatoa nafasi kwa yote mawili?

2. Tajeni mstari mmoja unaotumiwa sana misibani au wodini. Nani aliusema, kwa nani, na kwa sababu gani? Someni sura nzima.

3. Mfalme Kaleb alikuwa Mkristo, lakini aliagiza maandishi ya wapagani yanakiliwe, wala hakuagiza yavunjwe. Twapata mafundisho gani juu ya mila na kumbukumbu za wazee wetu?

4. Ni maandishi gani katika mtaa wetu yanayohitaji kunakiliwa kabla ya masika kufika?

SALA

Ee Mungu, uliyewapa watu wako Neno lako tangu kale, tujalie macho ya kusoma yaliyoandikwa, uvumilivu wa kungoja tusiyoyafahamu, na unyenyekevu wa kusahihishwa. Utuepushe na kuwaumiza wenye shida kwa maneno uliyoyakataa. Utufanye waaminifu katika madogo, ili watakaokuja baada yetu wakute kweli kamili mikononi mwetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.